Ng'ombe Hazeeki Maini: Mbio za Watu Wazima katika Utamaduni Wetu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ng'ombe hazeeki maini. Aghalabu methali hii hutolewa kwa mzaha, pale mtu mzima anapoingia uwanjani kucheza ngoma na vijana, na wote waliopo wakacheka. Katika makala hii twataka kuipima methali hiyo pasipo mzaha, kwa kuitazama desturi moja iliyoota mizizi katika miji yetu: watu waliovuka miaka 40 na 50, wengine wakiwa tayari mababu na mabibi, kujiunga na vilabu vya mbio na kushindana kwa muda na kwa nafasi.

Jambo hili tumelitazama kwa karibu, kwa kuwa tunaishi Nkuhungu, upande wa magharibi wa katikati ya jiji la Dodoma. Jumamosi alfajiri, kabla upepo wa uwanda wa kati haujaamka na vumbi lake, hukusanyika njiani mwalimu, muuguzi, fundi cherehani, karani, dereva na mfanyabiashara wa sokoni. Vijana wamo, lakini wenye mvi ni wengi. Watoto waliotumwa dukani husimama na kuuliza: "Babu, mnakimbizwa na nani?"

Swali hilo ni la kitoto, lakini ndani yake limo swali la wakubwa. Katika jamii yetu mtu mzima hutarajiwa kwenda kwa utaratibu. Anayekimbia hadharani hudhaniwa kuwa amefikwa na msiba au amefanya kosa. Je, mtu wa makamo aweza kubandika namba kifuani na kushindana mbele ya watu, pengine akashindwa na mtoto wa jirani, bila kuvunja heshima ya umri wake? Jibu letu ni kwamba aweza, na historia yetu wenyewe ndiyo inayotupa ruhusa hiyo.

Mwendo wa wengi

Nchi ya Ugogo ilijua mwendo mrefu kabla ya kujua riadha. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya takriban frasila 2 kila mmoja, yaani kilo 30 na zaidi, kwa siku nyingi mfululizo. Watemi wa Wagogo walitoza hongo kwa wapitao, kwa kuwa maji na chakula cha nchi kame si mali ya kugawa ovyo. Kati ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na nyika isiyo na maji, na misafara iliivuka kwa safari ya kulazimisha iliyoanza alasiri, ambayo wapagazi waliiita tirikeza. Safari kama hizo hazikuwa za mwenye mbio peke yake. Msafara ulikwenda kwa nyimbo na ngoma, kwa mwendo ambao wengi waliuweza. Aliyetangulia mno alikosa wenziwe, na aliyebaki nyuma mno alikuwa hatarini. Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, kazi hiyo ya miguu ilianza kufifia, lakini kanuni yake haikufa: mwendo mrefu ni mali ya kundi, na kundi huongozwa na wimbo.

Kanuni hiyo ndiyo tunayoikuta tena katika mchakamchaka. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na baada ya sheria ya mwaka 1966 wasomi nao walilazimika kupita humo. Kambini, asubuhi ilianza kwa mbio za kundi. Shule za msingi na sekondari ziliifuata desturi hiyo, hata vizazi kadhaa vya Watanzania vikakua vikijua kwamba siku ya masomo huanza kwa miguu. Mmoja hutoa wimbo, wengine hupokea, na nyayo hushuka pamoja. Wakati wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nyimbo hizo zilibeba hata habari za adui Iddi Amin, na watoto waliozipokea hawakuhitaji gazeti ili wajue kwamba nchi imo vitani.

Sisi tuliozoea kuhesabu mizani katika ushairi twaona katika mchakamchaka hekima ambayo haikuandikwa. Kipande cha wimbo hukatwa kwa urefu wa pumzi ya mkimbiaji. Asiyeweza kukipokea amezidisha kasi. Anayekipokea kwa urahisi mno bado ana akiba. Wataalamu wa siku hizi wa mazoezi hushauri vivyo hivyo, kwamba anayeanza kukimbia apime kasi yake kwa kuweza kuzungumza. Ushauri huo wakimbiaji wa mchakamchaka waliufuata kwa wimbo, bila kupewa somo.

Mashindano na jina la taifa

Mbio za kushindana, zenye uwanja uliopimwa na saa mkononi mwa mwamuzi, zilikuja kwa njia nyingine. Zililelewa katika shule, polisi na jeshi la wakati wa ukoloni. Baada ya Uhuru, taifa lilizichukua na kuzipa maana yake. Mwaka 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana; mwaka 1964 Tanganyika ilishiriki Michezo ya Olimpiki ya Tokyo; na mwaka 1967 ilitungwa sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Michezo, kwa hiyo, ilihesabiwa kuwa sehemu ya utamaduni, pamoja na ngoma na lugha.

Katika miaka iliyofuata wakimbiaji wetu waliitangaza nchi kuliko wanamichezo wengine wowote. Filbert Bayi, akiwa na umri wa miaka 20, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo wajuzi waliliona kuwa ni la hatari. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya michezo hiyo mwaka 1978 huko Edmonton. Mwaka 1980 mjini Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui walipata kila mmoja nishani ya fedha, na hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024 hizo ndizo nishani pekee za Olimpiki tulizozipata. Uwanda wetu wa kati nao ulitoa wake: Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, baada ya kushika nafasi ya pili huko Boston kwa kupitwa sekunde 1 tu mwaka 1988, na nafasi hiyo hiyo tena mwaka 1989. Anakumbukwa kwa kusema kwamba nia ya kushinda si kitu pasipo nia ya kujiandaa. Mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu, mwana wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na mshindi akajulikana kwa picha ya mstari wa mwisho.

Hata hivyo, jina lililokaa ndani zaidi ya mioyo ya watu si la mshindi. Mnamo Oktoba 1968, katika mji wa Mexico ulio juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,200, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka njiani akaumia goti na bega. Wakimbiaji 75 walianza mbio hizo na 18 waliziacha. Akhwari aliingia uwanjani giza limekwisha kutanda, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, akawa wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio, bali azimalize. Na asidhani mtu kwamba Akhwari alikuwa mkimbiaji dhaifu anayestahili huruma: miaka miwili baadaye, mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola.

Twaomba walimu wakikazie kisa hiki, kwa sababu ndicho kinachounganisha sehemu mbili za historia tuliyoieleza. Akhwari alikuwa uwanjani kushindana, lakini alimaliza kwa maadili ya msafara: mzigo uliopewa haubwagwi njiani.

Umri uwanjani

Yako mambo ya umri katika visa hivi ambayo watazamaji wengi hawakuyatambua. Aliyeshinda marathoni siku ile ya Akhwari, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa na miaka 36. Na miaka minne baadaye, mjini Munich, akiwa na miaka 40, alipata nishani ya shaba. Mwaka 1984 mjini Los Angeles, Ikangaa aliyekuwa na miaka 27 alimaliza wa sita, na mshindi alikuwa Carlos Lopes wa Ureno mwenye miaka 37.

Lakini hao walianza ujanani. Mfano unaowafaa watu wa makamo ulitokea Christchurch mwaka ule ule wa 1974, ambapo macho ya Watanzania yalikuwa kwa Bayi. Katika marathoni, nafasi ya pili ilichukuliwa na Jack Foster wa New Zealand, mwenye umri wa miaka 41, kwa saa 2 na dakika 11. Foster alikuwa mwendesha baiskeli, na alianza kukimbia akiwa na miaka 32. Siku ya kwanza, katika matembezi na familia yake, aliondoka mbio akadhani amekwenda maili kadhaa. Aliporudi mkewe alimwuliza kama amesahau kitu, kwani alikuwa ameondoka dakika 7 tu. Kadhalika Priscilla Welch wa Uingereza, aliyekuwa mvutaji sigara, alianza kukimbia akiwa katikati ya miaka ya thelathini. Huko Los Angeles, katika marathoni ya kwanza ya wanawake ya Olimpiki, alikuwa wa sita kama Ikangaa wetu, na mwaka 1987 alishinda New York akiwa na miaka 42.

Kutokana na watu wa aina hiyo, dunia ilikubali kwamba umri ni daraja la mashindano na si kizuizi chake. Michezo ya kwanza ya dunia ya wakimbiaji wakongwe ilifanyika Toronto mwaka 1975, na chama chao cha dunia kiliundwa mwaka 1977. Leo makundi yao huanzia miaka 35 na kupanda kila baada ya miaka 5, hata mwenye miaka 55 asipimwe kwa kipimo cha kijana wa 25.

Hatusemi kwamba mwili hauzeeki. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, uwezo wa mwili kutumia hewa hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi baada ya miaka thelathini. Kwa anayeendelea kujizoeza, upungufu huo waweza kuwa nusu yake. Mapigo ya juu ya moyo hushuka, na kano za kisigino huchelewa kupona. Ndiyo maana mtu mzima anayeanza hapaswi kuiga ratiba ya kijana. Amwone daktari kwanza, aanze kwa kuchanganya kutembea na kukimbia, aongeze umbali kidogo kidogo, na aiheshimu siku ya mapumziko. Bandu bandu huisha gogo.

Klabu ya mtaani

Mwaka 1973 ni mwaka wenye kumbukumbu mbili kwetu. Ndio mwaka ambao chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na ndio mwaka wa kampeni ya "Mtu ni Afya", ambapo takriban watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya masomo kuisikiliza redio na kujadili namna ya kujikinga na malaria, kichocho na maradhi ya tumbo, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kusafisha vijiji. Siri ya kampeni ile ilikuwa kundi: jirani alijifunza pamoja na jirani, akaona haya kubaki nyuma.

Mambo hayo mawili yamekuja kukutana tena. Kuanzia mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa ukamilifu, maelfu ya watumishi walihamia hapa, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Wengi walikuja wakiwa watu wa makamo, wenye kazi ya kukaa kitini na chakula cha haraka. Maradhi nayo yamebadilika: palipokuwa kichocho, leo twataja presha, kisukari na kiharusi. Mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi dhidi ya maradhi yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Vilabu vya mbio, au "joging" kama watu wasemavyo, vilienea mitaani. Mwaka 2020 zikaanzishwa mbio kubwa za NBC Dodoma, ambazo huchangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi.

Sisi wenyewe tulijiunga na klabu ya mtaa baada ya kwenda mazikoni mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kuwazika wenzetu wa ofisini waliokuwa hawajafika umri wa kustaafu. Tulikuwa na miaka 52. Miezi kadhaa baadaye tulibandika namba kifuani katika mbio za kilomita 10, na kwa kiburi cha cheo tulianza pamoja na vijana. Kilomita ya nne ilitukuta tukitembea, mikono kiunoni. Hapo tukapitwa na mama mmoja wa rika letu, muuza mbogamboga sokoni, anayekimbia huku akiimba kwa sauti ya chini. Aligeuka akatuambia: "Pole pole, kaka yangu, njia bado ipo." Kisha akaenda zake.

Tunakiri kwamba tulitazama kichochoro cha kutorokea nyumbani. Kilichotuzuia si ushujaa; tulikumbuka kwamba tumewahi kuwahadithia watoto wetu habari za Akhwari, na kwamba watoto hao walikuwa mwishoni mwa njia wakitungoja. Tulimaliza kwa dakika 81, watu wachache wakiwa nyuma yetu. Mwaka uliofuata, kwa kumfuata yule mama na nyimbo zake, tulimaliza kwa dakika 66. Hakuna aliyeuandika muda huo ila karani wa klabu katika daftari lake. Lakini tuliujua kuwa ni wetu, kwa namna ambayo mtumishi wa umma mara chache huweza kusema juu ya kazi yake.

Hapa ndipo tunapoona thamani ya kushindana. Wako wanaosema kwamba mtu mzima afanye mazoezi tu, mashindano awaachie vijana. Mazoezi yana afya, ni kweli. Lakini mashindano yana ukweli. Saa haimwogopi mkubwa wa ofisi wala haimdharau muuza mboga. Katika daftari la klabu sote tumeandikwa kwa jina na muda, na aliyekuwa mbele yetu sokoni asubuhi ile amekuwa mwalimu wetu. Mtu aliyezoea kusimamiwa milango hupata nafuu kubwa rohoni anapojifunza tena kuwa mwanafunzi.

Hatuna budi pia kuonya. Mbio nyingine za siku hizi zimekuwa za fulana, picha na nishani ambayo kila mlipaji hupewa. Watu hufika, huvaa, hupigwa picha, nao huondoka kabla ya wa mwisho kuwasili. Huko ni kuubwaga mzigo njiani. Klabu iliyo hai hutambulikana kwa jambo moja: huwa haivunji mkutano mpaka wa mwisho amefika na kupigiwa makofi.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwendo mrefu katika nchi yetu ulikuwa wa kundi tangu zama za misafara, kwamba mchakamchaka uliuhifadhi kwa wimbo, na kwamba riadha iliuongezea kipimo cha saa na jina la taifa. Mtu wa makamo anayejiunga na klabu na kushindana huyaunganisha yote hayo. Haibi ujana wa watu, wala hajivunjii heshima. Anatimiza msemo mwingine wa wahenga, kwamba utu uzima ni dawa, maana ameleta uwanjani subira ambayo kijana hana bado.

Kwa walimu, twashauri mchakamchaka usiachwe ufe katika shule, na historia ya wakimbiaji wetu ifundishwe pamoja na majina na miaka yake. Kwa wanafunzi, twaomba jambo dogo. Mkiwaona wazee wenu wakipita alfajiri kwa mwendo wa pole, wakitweta, msiwaulize wanakimbizwa na nani. Pokeeni wimbo.